Barua ya Bwana Shamba: Ramani ya Ubongo

Mwezi huu tunaiacha mbolea. Tutazungumza juu ya ubongo, na juu ya kifafa.

Huko Marekani alikuwako mama mmoja wa miaka 45. Alikuwa na kifafa, na dawa hazikumsaidia. Madaktari walimpasua. Sehemu yenye ugonjwa ilikuwa ndani. Ili kuifikia, iliwapasa kuondoa kipande kidogo cha ubongo kilichokuwa juu yake. Kipande hicho hawakukitupa. Kilitiwa dawa kisioze, kikachunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Sehemu waliyoichora ni ndogo sana, kama nusu ya punje ya mchele. Waliikata mara zaidi ya 5,000. Kila kipande kilikuwa chembamba kuliko unywele zaidi ya mara 1,000. Walipiga picha kwa darubini ya elektroni kwa muda wa siku 326. Kisha walishirikiana na kampuni ya Google kuziunganisha picha hizo kwa kompyuta.

Waliona nini? Seli, yaani chembe hai, kama 57,000. Mahali seli zinapopeana ujumbe ni kama milioni 150.

Ng'oa mhindi ulioota pamoja na magugu. Mizizi imesokotana. Huu ni wa mhindi au wa gugu? Ndivyo ubongo ulivyo. Kila seli ya neva ina matawi, na ujumbe hupita humo. Kompyuta hufuata tawi toka picha hadi picha, ikilipaka rangi yake. Lakini hukosea. Mara huunganisha matawi ya seli mbili. Mara hukata tawi moja katikati.

Hapo watu huingia kazini. Mmoja hufuata tawi na kurekebisha. Mwenzake huendelea alipoishia. Ubongo wa nzi mdogo wa matunda ulichorwa hivyo, seli za neva 139,255, na kazi ikatangazwa mwaka 2024. Baadhi ya waliosaidia hawakuwa wanasayansi. Walijitolea tu, wakiwa na macho makini na subira, kama wapaliliaji wazuri.

Ramani ya yule mama nayo ilichapishwa rasmi mwaka 2024, lakini sehemu kubwa ilikuwa haijarekebishwa. Na hiyo ni nusu punje! Ubongo mzima una seli za neva kama bilioni 86. Mimi sitegemei kuiona ramani yote.

Mtauliza, je, ramani hiyo imeponya kifafa? Bado. Lakini jambo moja linajulikana siku nyingi. Kifafa huja wakati seli hizo zinapotoa ujumbe ovyo, nyingi kwa pamoja. Si pepo. Povu la mgonjwa haliambukizi. Vijijini mtu huangukia moto, na watu huogopa kumgusa. Mtoeni mara moja! Mlazeni kwa ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Baadaye mpelekeni zahanati. Dawa za kumeza kila siku zipo, na wagonjwa wengi wakizitumia bila kukatisha hawaanguki tena.