Makofi ya Bei Rahisi

KUTOKA MNYUSI
Na Zuhura Mhina

Mary Chatanda tunamjua. Alikuwa mbunge wa Korogwe Mjini kuanzia 2015 hadi 2020, na yeyote aliyewahi kumsikia jukwaani anajua kwamba mama yule hamung'unyi maneno. Kwa hiyo mwaka 2023, akiwa Mwenyekiti wa Taifa wa UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM, alipotaka wanaobainika kufanya mapenzi ya jinsia moja wahasiwe, huku kwetu hakuna aliyeshangaa. Sokoni watu walicheka, wengine wakaitikia, mmoja akauliza kazi hiyo ataifanya nani na kwa mshahara gani. Kisha mazungumzo yakarudi kwenye bei ya mahindi.

Mimi kilichonishughulisha ni wepesi wa kauli yenyewe. Mwanasiasa akiahidi maji, mwaka wa tatu watu watamuuliza mabomba yako wapi. Handeni, ambako ndoo ya maji imekuwa hoja ya kila uchaguzi tangu tukiwa wadogo, swali hilo limewatoa watu jasho, na kuja kwa mradi wa maji wa miji 28 hakujalimaliza. Akiahidi lami, lami itaonekana au haitaonekana. Lakini akisema mashoga tutawashughulikia, hadaiwi kitu. Hakuna bajeti, hakuna mkandarasi, hakuna siku ya kukagua mradi. Atapigiwa makofi msikitini na kanisani, na wa chama tawala na wa upinzani watapiga pamoja. Sijui ahadi nyingine inayovuna makofi mengi hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Hesabu hiyo wanaijua vizuri. Utafiti wa Afrobarometer wa 2014 na 2015 uliuliza watu wa nchi 33 za Afrika, Tanzania ikiwemo, wangependa kuishi jirani na nani. Kwa wastani wa nchi hizo, watu 91 katika kila 100 hawakuwa na tatizo na jirani wa kabila jingine, na 87 hawakuwa na tatizo na jirani wa dini nyingine. Kwa jirani shoga, 78 walisema hawamtaki. Mtu anayetafuta kura hahitaji kuonyeshwa hesabu hizo mara mbili.

Na sisi wa huku tusisingizie kwamba hatujui kuishi na wengine. Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani Somalia, vita ilipowafurusha huko, walirudi na kupewa ardhi Chogo, Handeni, tangu 2003, na baadaye uraia. Walikuja na lugha iliyochanganyika na mila tulizokuwa tumezisahau, tukasogea wakakaa. Mwaka 2022 wakaanza kuletwa Wamasai wa Ngorongoro pale Msomera. Hilo lina manung'uniko yake, ya waliohamishwa na ya waliokuwa wakilima pale kabla yao, na siku nyingine nitaliandikia. Ila hata kwenye manung'uniko hayo, ugomvi ni wa ardhi na mifugo. Watu wanagombana wakijua kwamba kesho watakutana mnadani.

Sasa turudi mwishoni mwa Oktoba 2018. Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaambia waandishi wa habari kwamba anaunda kamati ya kuwasaka mashoga, akawataka wananchi wamtumie majina. Baadaye alisema amepokea ujumbe zaidi ya 5,700. Novemba 4 Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Kabla yake, Februari 2017, Hamisi Kigwangalla akiwa Naibu Waziri wa Afya alitishia kutoa hadharani orodha ya mashoga, kisha akaahirisha. Ukitazama juu juu utasema yote mawili yalipita kama upepo. Yalipita kwa waliosema.

Kuna kijana wa upande wa Handeni, simtaji jina wala kijiji, ambaye kwa miaka mingi harusi bila yeye haikuwa harusi. Ndiye aliyepamba bi harusi, akampaka hina mpaka kwenye kiwiko. Ndiye aliyefunga vitambaa ukumbini. Pilau ikishawekewa makaa juu ya mfuniko, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufunua sufuria. Akina mama walimwita shosti, akina baba walijifanya hawamwoni, na wakati wa kula walimwekea sahani yake. Hakuna aliyemuuliza analala na nani, naye hakumsimulia mtu.

Novemba ile simu yake ikanyamaza. Walewale waliokuwa wakimpigia usiku wa manane kuuliza kilo ngapi za mchele kwa watu mia tatu walifuta namba yake, wasije wakaonekana nayo. Kisha wakaja vijana wawili waliojitambulisha kuwa wa ulinzi wa kata. Wakamwambia jina lake limekwenda Dar, na kulitoa kwenye orodha ni laki mbili. Akatoa. Walirudi tena, akatoa tena, na safari iliyofuata akauza cherehani yake na kuhama. Sina ushahidi kwamba jina lake lilitumwa popote. Halikuhitaji kutumwa.

Huo ndio uchumi wa kauli hizi. Aliyesema yuko jukwaani, wanaokusanya wako vichochoroni. Kosa la kulawiti chini ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu lina kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Adhabu ya ukubwa huo mtu akiitiwa mlangoni haulizi ushahidi uko wapi. Anauliza ni shilingi ngapi. Na anayeitiwa si lazima awe shoga. Inatosha awe mwanamume wa miaka 38 ambaye hajaoa, au mwenye sauti nyembamba, au mwenye shamba ambalo binamu yake analimezea mate.

Watu wataniletea dini, na waniletee, kwani nimesoma madrasa kama wao. Sijasema dini zimehalalisha. Waislamu wanajua fundisho lao, na Wakristo wanajua la kwao: Desemba 2006 maaskofu wa Anglikana Tanzania, ambao mwenzao wa Dayosisi ya Tanga makao yake yako hapa hapa Korogwe, walitangaza kwamba ushirika wao na waliokuwa wakiwapa mashoga daraja kanisani umeharibika vibaya. Ni haki yao kuhubiri hivyo. Lakini Sura ya Hujurat inakataza kupelelezana, na Sura ya Nur inataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke kwa zinaa, na akiwakosa, viboko themanini ni vya kwake yeye mtuhumu. Ni sharti zito, na naamini liliwekwa liwe zito makusudi. Sijamsikia mwanasiasa akiisoma sura hiyo mpaka hapo.

Na mila zetu je? Makungwi walionifunda mimi walikuwa wakali kuliko mkuu wa mkoa yeyote, na katika mambo waliyoyakazia ni kwamba ulichokiona chumbani kwa mwenzio umekiacha chumbani. Bibi zetu hawakuwa watu wa kupenda kila kitu. Walijua tu kwamba kijiji kikianza kuchungulia madirisha hakitabaki na nyumba hata moja iliyo salama, yao ikiwamo.

Ninalotaka kulisemea zaidi, hata hivyo, ni watoto, kwa sababu ndilo linalotajwa kila mara. Mzazi wa Korogwe anaposikia neno ushoga, kichwani mwake hawaoni watu wazima wawili waliojifungia chumbani kwao. Anamwona mwanawe wa darasa la nne bwenini, au njiani akitoka chuoni magharibi. Hofu hiyo ni ya kweli, na ina sababu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009, uliotolewa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mvulana mmoja katika kila saba! Wavulana 70 wana kumi kati yao.

Sasa niambieni jukwaa linamfanyia nini mtoto huyo. Aliyemharibu mara nyingi ni mtu anayefahamika: mjomba, mwalimu, kaka wa jirani, mzee anayeheshimiwa mwenye mke na watoto sita. Hafanani hata kidogo na shoga wa kwenye hotuba, kwa hiyo hakuna anayemtazama. Macho ya kijiji kizima yako kwa mpambaji wa harusi. Mtoto naye amesikia neno lile likisemwa kwa kicheko na kwa chuki, na anajua akifungua mdomo atabandikwa yeye. Baba anajua hivyo hivyo. Ndiyo maana kesi ya binti hufika polisi angalau mara moja moja, na ya mvulana humalizwa sebuleni: mbuzi wawili, laki tano, na mtoto anahamishiwa kwa shangazi yake Muheza. Familia zinazofanya hivyo nazijua, na si familia za watu wabaya. Zinaogopa jina. Hofu ya jina hilo tumeipanda wenyewe, na anayevuna ni mlawiti wa watoto.

Upande wa afya nitaupita haraka, maana umeandikwa sana. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku vilainishi vilivyogawiwa kwenye miradi ya UKIMWI, na Februari 2017 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, mwana Tanga mwenzetu, akatangaza kuzuia vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Nisichokiona kikisemwa ni habari ya wake. Wapo wanaume mashoga waliooa. Wameozwa na wazazi ili midomo izibwe, na binti aliyeletwa kuziba midomo hakuambiwa anakuja kufanya kazi gani. Mume akiogopa kwenda kupima, anayekuja kupata majibu ni mke, kliniki ya wajawazito. Wale wa UWT wanaotaka watu wahasiwe wangekaa na wanawake hao nusu saa, wangepata ajenda nyingine kabisa.

Tena tumeshawahi kupita njia hii. Miaka ya tisini mwenye virusi alitengewa kikombe na sahani, na wengine walizikwa na watu watano. Siasa ilikuwa na lugha yake ya wakati ule, ya adhabu ya Mungu na uasherati. Kisha zikaja dawa, na mwaka 2008 Bunge likatunga sheria ya UKIMWI iliyokataza unyanyapaa. Wabunge waliopitisha sheria hiyo hawakuwa wameacha kuamini kwamba zinaa ni dhambi. Nadhani waliona tu kwamba aibu nayo inaua.

Kwamba haya ni mambo ya wazungu, sitabishana sana. Kifungu hicho cha 154 nacho kina asili ya Waingereza, waliotuletea Kanuni ya Adhabu mwaka 1930. Msumbiji iliachana na sheria ya aina hiyo, ya Mreno, mwaka 2015, na ukivuka Ruvuma leo utakuta watu wanaoa na kuolewa kama kawaida. Ila nakubaliana na wanaokereka na wafadhili. Novemba 2018 Denmark ilizuia kroner milioni 65 za msaada, ikitaja pamoja na mengine kauli dhidi ya mashoga. Ikampa kila mwanasiasa nafasi ya kusimama kama mlinzi wa taifa, na waliokosa fedha hizo hawakuwa wale waliopayuka. Marekani walau ilimlenga mhusika: Januari 2020 ilimpiga marufuku Makonda kuingia nchini humo. Hapa nyumbani hakupungukiwa. Oktoba 2023 aliteuliwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, na Machi 2024 Mkuu wa Mkoa wa Arusha.

Aliyepungukiwa ni mwanasiasa wa upinzani, Tundu Lissu. Mapema 2019 aliulizwa kwenye kipindi cha HARDtalk cha BBC kuhusu mashoga, akajibu kwa kurejea haki ya faragha. Haki hiyo hakuizua yeye, iko ibara ya 16 ya Katiba yetu, pamoja na ruhusa kwa sheria kuiwekea mipaka. Jibu lile likageuzwa fimbo ya kumpigia. Tangu hapo sijamsikia mgombea wa chama chochote akithubutu kuitaja ibara hiyo kwenye mkutano, hata inapohusu simu zetu kudukuliwa au nyumba kupekuliwa bila hati. Tumeizika pamoja na mashoga.

Basi mikutano ijayo ya kampeni, Mombo, Mkata, Kabuku, popote atakaposimama mtu na kuahidi kuwashughulikia mashoga, mwache amalize, kisha nyoosha mkono. Muulize kesi ngapi za watoto waliolawitiwa katika kata hii zimefika mahakamani na ngapi zimemalizwa sebuleni. Muulize Dawati la Jinsia na Watoto lina askari wangapi, na kama wana nauli ya kufika kijijini. Muulize atafanya nini na watakaogonga milango wakidai laki mbili kwa jina lake. Akikuuliza kama wewe ni mtetezi wa mashoga, rudia swali la kwanza.