Rubani na Amana Aliyoibeba



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, uwanja wa ndege wa Dodoma uko karibu sana na mji. Ndege inapopita, watoto wetu huacha juzuu wakatazama dirishani. Ukiwauliza wanataka kuwa nani, hukosi atakayejibu, "Rubani wa jeshi." Baadhi ya wazazi hushituka, wakidhani kazi hiyo ni vita tu. Sisi tunaona ni kazi njema, ila ina masharti yake.

Kwanza, subira. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978 vikaisha Juni 1979, hata mwaka havikutimia. Rubani aliyebaki jeshini baada ya hapo, miaka yake mingi ilikuwa ya amani: mazoezi, kukagua ndege, kusafirisha watu na mizigo. Mvivu wa wakati wa amani hawezi kujifunza siku ya vita.

Pili, elimu. Machi 1979 ndege ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin, ilitumwa kupiga Mwanza. Ilikosa shabaha, ikapiga kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Wangeweza kuwa watu. Basi anayekimbia hesabu asiote urubani.

Tatu, na ndiyo kubwa, uchamungu. Mwaka 1988 serikali ya Siad Barre huko Somalia iliupiga mabomu mji wa Hargeisa, na ndege ziliruka kutoka uwanja wa mji huo huo. Rubani Ahmed Mohamed Hassan aliamriwa kwenda kuupiga. Alikataa. Aliielekeza MiG yake Djibouti, akatua ufukweni. Aliacha cheo na nchi yake, lakini hakumwaga damu ya raia wale.

Hatusemi askari asitii. Jeshi bila utii si jeshi. Tunasema amri ya mkubwa haimwondolei mtu hesabu yake mbele ya Mola wake, na rubani huwa peke yake huko juu anapoamua.

Kwa hiyo wazazi, msimkatishe tamaa mtoto mwenye ndoto hiyo. Nanyi wanafunzi, msiache fizikia ya shuleni wala darsa za jioni hapa madrasa. Rubani mwenye moja bila ya nyingine ni hatari kwa walio chini yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie vijana waaminifu, ardhini na angani. Amin.

Wabillahi tawfiq.