MAAFA HAYANGOJI TUME

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba,

Twaandika kutoka Mbeya, mji ulio mbali na bahari, lakini msidhani ya kuwa khabari tunayoileta si yenu. Wengi wenu mna ndugu, wajomba na watoto waliokuja huku Nyanda za Juu kutafuta riziki, na mtu akipita Mwanjelwa hakosi kusikia Kipemba kikisemwa nyuma ya meza ya duka. Sisi tu katika hao. Mali yetu iko huku, roho za watu wetu ziko huku, na Serikali inayotutawala huku ndiyo inayokutawaleni huko kwa jina la Muungano. Basi mkiona namna inavyojiandaa kwa moto na maporomoko ya Mbeya, au tuseme namna isivyojiandaa, mtajua nanyi mlichowekewa kwa siku ya shida.

Tuanze na moto, maana huo tunaujua kwa vidole vyetu wenyewe.

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliungua. Wafanya biashara wakahamishwa, wengi wakapelekwa Sido. Mwaka 2011 Sido nayo ikaungua. Watu wakajenga tena kwa mbao na mabati, vibanda vikabanana bega kwa bega, na usiku mmoja wa Agosti 2017 Sido ikaungua mara ya pili. Hiyo ni mioto mitatu katika muda wa miaka kumi na moja, na wengi walioungua ni watu wale wale. Usiku ule wa 2017 tulitoa marobota ya vitenge kwa mikono, tukipokezana kama wapagazi wa bandarini, na lililomshinda mtu kubeba liliachiwa moto. Jirani yetu mmoja alitoka na daftari la madeni peke yake. Tulipomuuliza kwa nini hakuchukua japo mzigo mmoja, alijibu ya kuwa bidhaa hununuliwa tena, lakini mdeni asiyeandikwa hakumbuki. Tulicheka, wallahi, tukiwa na majivu usoni.

Hatumlaumu askari wa zimamoto. Yeye ni mja kama sisi, na hawezi kuzima moto kwa sare aliyovaa. Twamuuliza aliyemtuma: Askari huyu amepewa nini? Nani aliyegawa viwanja vya soko pasipo kuacha njia ya gari kupita? Yako wapi maji karibu na pahala wanapokaa maelfu ya watu na mali zao? Mtu anayeungua mara ya kwanza huambiwa ni kudra, akasubiri. Anayeungua mara tatu ana haki ya kuletewa ramani ya soko na kuoneshwa kwa kidole pahala palipowekwa maji. Na hili si la Mbeya peke yake, kwani tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua katika mji mkubwa kuliko yote ya nchi hii.

Fedha hazikosekani. Kila mwaka mwenye duka hutakiwa alipe ada ya ukaguzi wa moto, naye hupewa cheti akakitundika ukutani karibu na leseni. Sisi tunavyo vyeti vya miaka mingi. Cheti hakina maji.

Sasa tuje kwenye mlima. Tarehe 14 Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetele, likashuka mtaa wa Gombe, kata ya Itezi, hapa hapa jijini, likafukia nyumba zipatazo ishirini na majengo ya skuli. Rehema ya Mola ilikuwa kubwa kuliko maandalizi ya watu. Lakini tuhesabu miezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza tangu Agosti 2023 ya kuwa mvua za El Nino zinakuja. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ukateremsha tope na magogo juu ya mji wa Katesh, wakafa watu 89. Hapo hapana aliyekuwa hajui tena. Kutoka Hanang mpaka Kawetele ni miezi minne na zaidi. Katika miezi hiyo, nani aliyepita chini ya milima ya Mbeya, akagonga milango ya watu wa Itezi, akawaambia: mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, tokeni, nendeni pahala fulani, funguo za jengo anazo fulani? Kama alikuwapo mtu huyo, sisi hatukumsikia. Siku kumi na moja baada ya Kawetele, Waziri Mkuu alisimama Bungeni akasema ya kwamba mvua zile zimeua watu 155 nchini.

Haki isemwe, maana hatuandiki kwa chuki. Baada ya Hanang Rais alikatiza safari yake ya Dubai akarudi, na Serikali ikawajengea waathirika nyumba zaidi ya mia moja. Jambo hilo ni jema na mwenye kulikanusha ni mwongo. Lakini linathibitisha maneno yetu. Serikali hii yaweza, ila huweza baada ya mazishi.

Tena yaweza hata kabla, ikitaka. Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitusimulia kisa cha Nabii Yusuf, aliyefasiri ndoto ya mfalme wa Misri akaamuru nafaka iwekwe miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Mwalimu alitusisitizia jambo moja: Yusuf alikuwa mtume, dua yake ilikuwa makbuli, na juu ya hayo alijenga maghala. Leo hapo Makambako, njia ya kutoka Mbeya kwenda Iringa, yako maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na mahindi ya wakulima wa nyanda hizi yamewekwa humo. Basi Serikali imekwisha kufahamu ya kuwa njaa haingoji. Kitu gani kinaizuia kufahamu hayo hayo kwa moto, kwa tope na kwa gari lililokatika breki?

Na gari tulitaje, kwani barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya jiji letu. Malori ya Zambia na Kongo hushuka Mlima Iwambi kuingia Mbalizi, na chini ya mteremko ule wako watu, wako wauza ndizi, yako madaladala. Mwanzoni mwa Julai 2018 lori lilishindwa kusimama pale, wakafa watu wapatao ishirini. Rais Magufuli, alipokuwa akimwapisha Waziri mpya wa Mambo ya Ndani, alilalamika hadharani juu ya ajali za Mbeya. Waziri alibadilishwa, mlima ukabaki vile vile. Huu upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi ulikuja miaka mingi baadaye. Lakini khofu yetu kubwa si lori la mahindi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu, likawaka, wakafa karibu mia moja. Malori kama hayo hupita Iwambi usiku na mchana. Twauliza, tena twauliza kwa adabu: hospitali zetu za Mbeya zina vitanda vingapi vya watu walioungua?

Msituambie hapana sheria. Sheria ziko tele. Ilikuwapo ya mwaka 1990, ikaja ya 2015, ikaja na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Kwa sheria hiyo ziko kamati tangu Taifa, mkoa na wilaya mpaka kijiji na mtaa, na uko Mfuko. Tulifanya jaribio dogo. Tulizunguka mtaani kwetu tukauliza watu kumi na wawili, na wajumbe wa nyumba wakiwamo, ni nani walio katika kamati ya maafa. Mmoja alitaja jina la marehemu. Mwengine alidhani tunakusanya mchango wa mazishi. Hatukuonana na hata mmoja aliyejua, wala hatukuoneshwa sepeto moja, kamba moja, au ngazi moja iliyo mali ya kamati.

Huko mkoani, mwenye kiti ni Mkuu wa Mkoa, yeye huyo aliye mwenye kiti wa Kamati ya Usalama, na hakuchaguliwa na mtu ila ameteuliwa. Basi tumtazame kwa kazi zake mbili. Kazi ya usalama huifanya kwa bidii ya kustaajabisha. Vikitaka kufanywa maandamano ya upinzani, kabla jua halijapanda magari ya maji ya kuwasha yamekwisha kusimama njia panda, matangi yamejaa, na hapana siku tuliyosikia kuwa gari hilo limekwenda kutafuta maji mtoni. Laiti soko lingewaka na wapinzani wakawa ndani yake, labda maji yangewahi!

Na mgambo? Asili ya mgambo ni ulinzi wa raia. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maelfu yao walitoka vijijini wakaenda kuilinda nchi, na hilo ni jina la heshima. Leo kijana wa mgambo mjini tunamjua kwa kumwaga beseni la maparachichi la mwanamke asiyekuwa na kibanda. Nguvu kazi ipo, ina sare, ina kwata, inajua kupanga safu. Ingefundishwa kufunga mtu aliyevunjika mguu, kupitisha ndoo, kuhesabu wazee na vilema wa mtaa, nchi nzima ingekuwa na ulinzi wa raia bila ya kuajiri mtu mpya.

Wenye kutawala watasema nchi yetu ni maskini. Bangladesh nayo ilikuwa maskini, tena ya Waislamu wenzetu. Mwaka 1970 kimbunga kiliua huko watu laki tatu au zaidi. Baada ya hapo waliandikisha watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji, wenye bendera, vipaza sauti na baiskeli, wakajenga nyumba za kukimbilia. Mwaka 2007 kilikuja kimbunga Sidr, kikali mno, nacho kiliua watu elfu tatu na mamia kadhaa. Ni msiba, lakini si laki tatu. Bendera na baiskeli si vitu vya matajiri.

Sasa turudi visiwani, maana ndiko tulikokusudia tangu mwanzo. Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, muitazame orodha ya Mambo ya Muungano. La tano ni mamlaka juu ya mambo ya hali ya hatari. Utabiri wa hali ya hewa nao umo. Lakini kuokoa watu hamna. Zimamoto ni mbili, Bara yao na Zanzibar yao. Maafa yana Idara kwa Waziri Mkuu, na huko yana Kamisheni chini ya Makamu wa Pili wa Rais. Amri ya kutangaza hatari imeunganishwa, kamba ya kumvuta anayezama haikuunganishwa. Hatusemi iunganishwe. Twasema aliyechukua amri atuoneshe na dhamana yake.

Kwani Spice Islander tumeisahau? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi. Maiti waliopatikana walikuwa 203. Tume ilipomaliza kazi yake ilisema zaidi ya watu 1,300 hawakuonekana. Jukwaani mwetu Pemba yako majina yasiyo na makaburi. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Waziri aliyejiuzulu kwa ajili ya msiba ule, Hamad Masoud Hamad, alikuwa mtu wa CUF ndani ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wa chama kinachotawala hatukusikia aliyefuata njia yake. Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani Bukoba, walioifikia mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, alichukuliwa baadaye na Jeshi la Zimamoto. Alistahiki. Lakini tazameni mambo yalivyogeuka: Serikali ilikwenda kwa mvuvi kutafuta mwokozi.

Kila mwaka wa uchaguzi meli huleta askari Pemba kabla ya siku ya kura. Safari hiyo haikosi mafuta, haikosi nahodha, wala haichelewi. Basi bahari inajulikana, bandari zinajulikana, na uwezo wa kuvusha watu na zana usiku kwa usiku upo.

Twawaomba wanachama wa kila tawi wafanye jambo jepesi. Nendeni kwa sheha wenu kwa salamu na heshima, bila ya fujo, mumuulize matatu: nani wamo katika kamati ya maafa ya shehia, vifaa vyao viko wapi, na chombo gani kitatoka pwani mtu akipiga simu usiku. Mwenye kujibiwa atuletee majibu, nasi tutayachapa katika toleo lijalo pamoja na jina la shehia, na sheha aliyejibu tutamshukuru kwa cheo chake hata kama hatupendi. Sisi wa Mbeya tutafanya hayo hayo kwa wenye viti wa mitaa. Shehia isiyojibiwa tutaichapa jina lake, na mbele yake tutaacha mstari mtupu.