Danzi Likitoweka, Jina Litabaki na Nani?

Majuzi nilikuwa Kuruwitu, pwani ya Kilifi, nikikusanya msamiati wa mimea kwa ajili ya somo ninalofundisha chuoni. Bibi mmoja aliyenikaribisha uani mwake alimtuma mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, akamchumie danzi. Kijana akarudi na ndimu. "Mjukuu wangu, hii si danzi," bibi akamwambia kwa upole. Kijana akajibu: "Bibi, kwani yote si malimau?" Waliokuwapo wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu wa shahada wangejibu vivyo hivyo.

Lugha yetu si fukara katika jambo hili. Tuna chungwa, limau, ndimu, danzi, chenza, kangaja, furungu na balungi. Hayo ni majina manane, na kila tunda lina mti wake: mdanzi, mkangaja, mfurungu na kadhalika. Kamusi zimeyahifadhi, lakini kamusi haioti mizizi. Masokoni mwetu yamejaa machungwa, mengi yakitoka Muheza nchini Tanzania. Mafurungu na makangaja huonekana kwa nadra.

Je, hasara hii ni ya wanaisimu peke yao? La hasha. Wataalamu waliochunguza urithi wa mimea hii wamebainisha kwamba chungwa na danzi ni wazao wa furungu na jamii ya chenza. Anayeuacha mfurungu ufe, basi, anamzika mzazi huku akimlilia mtoto.

Tena iko ibra ya Brazili. Katika miaka ya 1930 na 1940, mamilioni ya michungwa nchini humo iliangamia kwa ugonjwa uitwao tristeza, neno la Kireno lenye maana ya huzuni. Michungwa hiyo ilikuwa imebebeshwa juu ya mashina ya mdanzi, na muungano huo haukuustahimili ugonjwa. Wakulima walilazimika kugeukia mashina ya aina nyingine. Lau dunia ingekuwa na shina la aina moja tu, wangegeukia wapi?

Neno "kubebesha" lenyewe ni darasa. Mama hubeba mtoto mgongoni. Mkulima naye huubebesha mche mtoto wa mti mwingine. Hupasua gome la mche wenye unene wa penseli, akatia humo jicho lililotwaliwa katika mti alioupenda, kisha akalifunga kwa utepe wa nailoni. Jicho likishika, sehemu ya juu ya mche hukatwa, na jicho hilo ndilo liwalo mti. Kwa mfurungu ufundi huu una thamani ya pekee, kwa maana mbegu yake haitoi mti ulio sawa na mama yake.

Hata hivyo, jicho lenye maradhi hubebesha maradhi. Ule ugonjwa unaoyafanya machungwa yabaki kijani na kuudhoofisha mti hadi ufe hauna tiba, na mdudu wa Asia anayeueneza alithibitishwa kuwapo nchini Kenya katika miaka ya 2010. Kwa hiyo haifai kila mtu akate vijiti popote apendapo. Shirika la utafiti wa kilimo la KALRO lina kituo Mtwapa, si mbali na Kuruwitu. Naomba kituo hicho na walimu wa wilaya zetu washikane mikono: wanafunzi waitafute midanzi na mikangaja iliyosalia kwa wazee, waandike majina na matumizi yake, wataalamu waikague miti hiyo na kuibebesha iliyo safi.

Atakayesema kwamba wanavijiji hawawezi kuhifadhi kitu na aende Kuruwitu. Mnamo mwaka 2005 wavuvi wa hapo walitenga takriban hekta 30 za bahari, wakakubaliana kutovua humo ili samaki wazaane. Mwaka 2017 juhudi zao zilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Walioweza kuzuia nyavu zao wenyewe hawatashindwa kutenga pembe ya shamba la shule kwa miti minane.

Walimu wenzangu, tukifundisha jina bila mti, tunafundisha kaburi. Siku mjukuu yule atakapotumwa tena danzi, na awe na mahali pa kulichuma.