Dubwi Lisiingie Uwanja wa Kanisa

Yapo makanisa ya Bukoba na Muleba ambayo, wakati wa mavuno, huuza kwa mnada mikungu ya ndizi, kahawa na kuku waliotolewa sadaka, na fedha hiyo huezeka paa na kununua madawati. Jambo hili ni jema. Tunalopinga ni shauri la wale watakao dubwi lisimamishwe uwanjani siku hiyo, ati vijana wana sarafu mifukoni wala hawanunui ndizi.

Wenye shauri hilo hutujibu ya kuwa hata mitume walipiga kura, wakampata Mathiya. Ndivyo. Lakini ni nani katika wale watu mia na ishirini aliyetia sarafu kwanza? Kura ile haikuwa na mwenye kasha wa kuondoka jioni na faida. Dubwi limetengenezwa ili libakize zaidi ya lile litoalo. Kama sivyo, mwenyewe angalilivunja zamani akauza vyuma.

Ikiwa vijana watakiwa, na watengeneze mchezo wenyewe. Twausifu ule wa waya. Waya mnene wa shaba usio na ganda hupindwa juu ya ubao, ukapanda na kushuka kama njia ya kwenda Kamachumu. Mchezaji hushika pete ya waya yenye mpini wa mti, akaipitisha toka mwanzo hata mwisho pasipo kugusa. Akigusa, mzunguko wa umeme hukamilika na taa huwaka.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ugomvi uzukapo: mguso mwepesi huwasha taa kwa kitambo kisichopita kupepesa jicho, na mchezaji huapa kwamba hakugusa. Dawa yake ni rilei, swichi ivutwayo kwa sumaku ya umeme, ambayo mafundi wa magari wanayo. Ikiungwa ipasavyo, mguso mmoja huivuta nayo hujishikilia, honi ikalia mpaka mwalimu abonyeze kitufe cha kukata. Rilei ya gari dogo hutaka volti 12, na betri ya bodaboda hutoa hizo hizo. Umeme wa kiasi hicho haudhuru mkono mkavu. Lakini fyuzi isisahauliwe karibu na betri, kwa maana nyaya zikigusana vibaya huungua.

Watasema: mtoto atoa shilingi 200 akitumaini kupata daftari, je, hiyo nayo si kamari? Sivyo. Waya wote u wazi mbele ya macho yake, na mkono wake ndio uamuao. Akirudia mara tano, mkono wafundishika. Dubwi halimfundishi mtu hata akilirudia mara mia. Na fedha, ikiisha kutolewa bei ya madaftari, yote ni ya mweka hazina. (Wazee nao hupanga mstari, ingawa husema wamekuja kumwangalia mjukuu.)

Tena Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yawakataza kamari walio chini ya miaka 18, nao ndio wengi uwanjani petu baada ya ibada. Kamati itakayo dubwi na itueleze kwanza ni mzee gani wa kanisa atakayesimama pale kuwauliza watoto wa Shule ya Jumapili vyeti vyao vya kuzaliwa.