Baraza Liitwe Siku za Mbalamwezi

Siku hizi, ndugu wasomaji, kila patokeapo neno kati ya mchungaji na wazee wa kanisa katika pwani hii ya Ziwa, humsikii mtu akisema, Twagombana kwa ajili ya sadaka, au kwa ajili ya kiwanja. Husikia kwamba Waha wamemchoka mchungaji, au Wabembe hawatii, au Wamanyema wapenda ukubwa. Neno hili nalipinga. Kabila ni nguo tu, ugomvi umevikwa ili usitambulikane. Ivue nguo hiyo, utaona chini yake kitabu cha hesabu ambacho hakikusomwa mbele ya watu.

Wako wachungaji wasemao kwamba mtu asiyewekewa mikono hana la kunena katika shauri la Kanisa. Hao na wasome habari za Ujiji. Watu wa Chama cha Misioni cha London walifika hapo Agosti 1878, nao walikuwa watatu: Thomson mchungaji, Hore baharia, na Hutley fundi. Mwezi uliofuata Thomson akafa. Mchungaji Dodgshun alipofika mwaka 1879, naye akafa baada ya siku chache. Kazi ikabaki mikononi mwa baharia na fundi hata walipokuja wengine, wala hawakuifunga kwa kukosa mchungaji.

Walakini wazee wasishangilie upesi. Kosa lao ni kuuzuia mfuko. Mchungaji akihubiri neno lisilowapendeza, posho yake hukawia, na watoto wake hulala njaa kwa shauri la watu wawili watatu ambao washarika hawakuwatuma. Huko si kuangalia mali ya Kanisa. Ni kumtia mtu kamba shingoni. Naye akiisha kutiwa kamba hutafuta rafiki zake, hukutana nao usiku nyumbani, na Jumapili husomwa tangazo ambalo nusu ya baraza hawalijui.

Mitume walipoletewa manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani, kwamba wajane wao wasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuwaita waasi. Waliwakusanya wote, wakawaambia wachague watu saba. Yatazameni majina ya wale saba: yote ni ya Kiyunani! Walionung'unika ndio waliokabidhiwa meza. Ni nani kwetu athubutuye kufanya hivyo? Katika Dayosisi ya Konde ya K.K.K.T. shauri la kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya liliwagawanya washarika, hata mwaka 2022 askofu akaondolewa katika kazi yake. Shauri lenyewe lilikuwa la mahali pa ofisi, si la imani.

Wajane wetu sisi ni wavuvi. Baraza huitwa siku impendezayo mwandishi. Lakini watu wa Kibirizi na Katonga huvua dagaa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika, maana dagaa hawaifuati taa vema. Basi ukiita baraza asubuhi katika siku za giza, mvuvi amelala, amechoka. Ukiliita jioni, amekwisha kuingia mtumbwini. Sadaka yake umeihesabu, shauri lake hukulitaka. Kisha akisema kwamba hakuulizwa, huitwa mwasi. Na kwa kuwa labda ni Mbembe, Wabembe wote huwa waasi. Ndivyo kabila linavyoingia kanisani, kwa mlango tulioufungua sisi wenyewe tulio na kalamu.

Naomba mambo mawili. Kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya washarika wote, mchungaji na mwekahazina wakiwapo pamoja, kabla ya shauri jingine lolote; na posho ya mchungaji isomwe humo, imelipwa au haikulipwa. La pili, baraza liitwe siku za mbalamwezi, mvuvi awe pwani.

Najua yuko atakayenijibu kwamba mambo ya Kanisa hayapangwi kwa kutazama mwezi. Pasaka, je, huihesabu kwa nini?