Kifafa si uchawi, tegu wapimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye nahofia anapita hospitalini bila kutambuliwa, hasa huku kwetu Kanda ya Kati.

Mtu akianguka kifafa, wengi wetu hutafuta mchawi. Anayefika hospitali hupewa dawa ya kuzuia kifafa, na mambo huishia hapo. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mahali pengi penye tegu huyo, wagonjwa wa kifafa wapatao 30 katika kila 100 wana viluwiluwi vyake ubongoni. Mayai hutoka katika choo cha mtu mwenye tegu tumboni. Mwingine akiyameza kwa mikono michafu au maji, viluwiluwi humwingia kichwani. Hivyo hata asiyeonja nyama ya nguruwe hasalimiki.

Mambo haya yako karibu nasi. Watafiti wamekuta nguruwe wenye viluwiluwi vya tegu wilayani Kongwa. Huko Haydom, wilayani Mbulu, wagonjwa wa kifafa walipigwa picha za ubongo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa baadhi yao wanavyo.

Taabu ni kwamba kupima choo mara moja hakutoshi. Mayai ya tegu hayaonekani kila siku, na mwenye viluwiluwi kichwani huenda hana tena mnyoo tumboni. Jirani yangu alipimwa mara moja tu, akaambiwa hana minyoo, akarudi nyumbani akaendelea kuanguka.

Naishauri Wizara ya Afya mambo matatu. Kwanza, waganga wamwulize kila mgonjwa wa kifafa habari za nguruwe na vyoo vya kwao. Pili, choo kipimwe zaidi ya mara moja, na watu wa nyumba yake wapimwe pia. Tatu, anayehitaji picha ya ubongo asiikose kwa umaskini wake.

Wananchi nao wasijinunulie dawa ya tegu dukani. Ikimkuta mwenye viluwiluwi kichwani inaweza kumzidishia kifafa.

Nasi wafugaji tufungie nguruwe bandani, tuchimbe vyoo na kuvitumia, wala tusiuze kwa siri nyama yenye vijifuko vyeupe. Kifafa cha namna hii kinazuilika. Kumsingizia bibi kizee uchawi hakumponyi mtu.

Mfugaji,
Kongwa, Dodoma.